Maswali ya Wasomaji: Eksirei isiyotoka kwenye mashine

Barua za safari hii zimetoka Tukuyu, Njombe, Mbeya mjini, Chunya na Iringa, na ukizisoma zote kwa pamoja unaona zinazunguka jambo moja, mionzi inayotoka kwenye atomu zinazooza na eksirei zinazojitokeza humo ambazo shuleni hatukuambiwa vizuri. Nimeanza na ya mwalimu kwa sababu ndo inafungua mlango wa zile nyingine, kwa hiyo jibu lake ni refu, mnivumilie.

SWALI: Ndaga fijo mhariri kwa ukurasa huu. Nafundisha fizikia kidato cha nne, sekondari moja hapa Rungwe. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mada ya mionzi nikasema alfa, beta na gama zinatoka kwenye kiini cha atomu, eksirei zinatoka kwenye mashine ya hospitali. Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza, mwalimu, kiini kikioza hakiwezi kutoa eksirei? Nikamjibu hapana, ila nilivyofika nyumbani sikuwa na amani. Nilimjibu sawa? (Mwalimu, Tukuyu)

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Huyo binti mpe hongera zake mbele ya wenzake kabla hujaendelea na mada nyingine, maana jibu ni ndiyo, atomu zikioza eksirei zinatoka, tena nyingi tu, bila mashine wala umeme. Ila kuna jambo moja la kushika hapa na ukilishika mengine yote yanakaa sawa: kiini hakitoi hiyo eksirei moja kwa moja. Kiini kinasababisha pengo kwenye elektroni zinazokizunguka, na eksirei inatoka pale pengo linapozibwa.

Kwanza tuondoe kitu ambacho wengi tulikariri, kwamba gama ni ile yenye nguvu kubwa na eksirei ni ile yenye nguvu ndogo. Sio hivyo. Amerisiamu 241 (hiyo 241 ni jumla ya protoni na nyutroni kwenye kiini chake) inatoa gama ya kiloelektronivolti 59.5 (ni kipimo cha nishati, tuandike keV), wakati eksirei ya madini ya risasi ni kama keV 75, yaani eksirei imeipita gama. Na zile mashine kubwa za kutibu saratani zinatengeneza eksirei za mamilioni ya elektronivolti. Ikishatoka, gama ya keV 75 na eksirei ya keV 75 ni mwanga uleule, huwezi kuzitofautisha. Tofauti ni ilikozaliwa: gama imezaliwa ndani ya kiini, eksirei imezaliwa nje ya kiini, huko kwenye elektroni.

Sasa chukua bonde la mto Kiwira, mnalijua. Kiini kiko chini kabisa mtoni, na elektroni zimepangwa kwenye matuta ya mteremko. Tuta la chini karibu na maji ndo ganda la K, juu yake ganda la L, juu yake tena M, na kuendelea. Likitokea pengo kwenye tuta la chini, elektroni ya tuta la juu inashuka kuliziba, na ikishuka inaachia nishati sawasawa na urefu wa mteremko ilioshuka. Nishati hiyo ndo eksirei. Na kwa kuwa kila elementi ina mteremko wake, eksirei yake nayo ni ya kwake peke yake, kama alama ya kidole.

Alama hiyo aliipima kijana wa Kiingereza anaitwa Henry Moseley mwaka 1913 na hesabu yake unaweza kuifanya ubaoni kesho asubuhi. Chukua namba ya atomu, yaani idadi ya protoni zake, toa 1, kipeo cha pili, zidisha kwa 10.2, unapata elektronivolti za eksirei ya elektroni inayoshuka kutoka L kwenda K. Manganizi ni namba 25, toa 1 ni 24, mara 24 ni 576, mara 10.2 ni 5,875, yaani keV 5.9, na ukienda kupima kwa kifaa unaikuta hiyohiyo 5.9. Kwa elementi nzito inapungukiwa kidogo lakini inakupeleka karibu sana. Moseley aliuawa vitani Gallipoli, Agosti 1915, akiwa na miaka 27 tu, na kila nikifanya hii hesabu roho inaniuma.

Swali linalobaki ni nani anatoa elektroni kwenye tuta la chini. Kwenye mashine ya hospitali elektroni zinarushwa kwa umeme zinagonga kipande cha metali ngumu, mara nyingi tangsteni, baadhi zinang'oa elektroni za ndani. Kwenye atomu inayooza kiini ndo kinafanya hivyo chenyewe, na kina njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kunyakua. Kuna viini ambavyo protoni zake zimezidi, na njia mojawapo ya kujirekebisha ni kuinyakua elektroni iliyo karibu, mara nyingi ya ganda la K, protoni moja inageuka nyutroni, na chembe ndogo mno inayoitwa nyutrino inatoka inaondoka zake bila kugusa chochote. Mfano mzuri kuliko yote ni chuma 55. Nusu maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni miaka kama 2.7. Kiini chake kikinyakua elektroni kinakuwa manganizi, ganda la K lina pengo, na pengo likizibwa inatoka eksirei ya ile keV 5.9 tuliyopiga hesabu sasa hivi. Hakuna gama ya maana, ni eksirei tu, ndo maana maabara nyingi duniani wanatumia chuma 55 kusahihishia vipimo vyao vya eksirei. Kabla hujaulizwa na wanafunzi, Kimondo cha Mbozi ni chuma kitupu na nikeli lakini chuma 55 humo hamna, kimekuwa ardhini muda mrefu mno kwa kitu kinachopungua nusu kila miaka 2.7, hata ukihesabu tangu 1930 tu kilipoanza kujulikana kwa wanasayansi.

Kwamba kunyakua kunatokea kweli aliyeonyesha ni Luis Alvarez, Marekani, mwaka 1937. Alikuwa na vanadiamu 48 na alichokitafuta ni eksirei za titaniamu, kwa sababu vanadiamu ikinyakua elektroni inakuwa titaniamu. Akazipata. Angalia uzuri wa hapo mwalimu, nyutrino huwezi kuishika, kiini huwezi kukiona, ila eksirei inakuja kukwambia nilikotoka palikuwa vanadiamu, sasa ni titaniamu.

Njia ya pili. Mara nyingi kiini kikishaoza kinabaki na nishati ya ziada, na kawaida kinaitoa kama gama. Lakini wakati mwingine badala ya kutoa gama kinaimwaga ile nishati yote kwenye elektroni yake mojawapo na elektroni hiyo inafyatuka nje ya atomu. Hapo tena pengo, hapo tena eksirei. Na hapa ndo anaingia Lise Meitner, mama wa Austria aliyefanya kazi Berlin. Watu walikuwa wanabishana, gama inatoka kabla kiini hakijabadilika au baada? Mwaka 1925 Meitner akapima zile elektroni zinazofyatuka, akakuta tofauti za nishati zake zinalingana na maganda ya elementi mpya, sio ile ya zamani. Maana yake kiini kinabadilika kwanza, gama baadaye. Wafundishe na hilo, wasichana wako hasa.

Ila sio kila pengo linatoa eksirei. Wakati mwingine elektroni inayoshuka inampa nishati yake jirani, na jirani ndo anaruka nje. Hizo zinaitwa elektroni za Auger, kwa jina la Mfaransa Pierre Auger aliyeziandika mwaka 1923, ingawa Meitner alikuwa ameshaziandika mwaka mmoja kabla na mimi naona jina lake lingetakiwa kuwepo hapo. Kwenye elementi nyepesi Auger ndo nyingi, kwenye nzito eksirei ndo nyingi. Chuma 55 kiko upande wa Auger, atomu 100 zikioza unapata eksirei za ganda la K kama 28 hivi.

Kuna na njia ya pembeni ambayo sio ya pengo. Beta ni elektroni inayokimbia sana, ikipita karibu na kiini cha atomu nyingine inapigwa breki na kukunjwa njia, na nishati inayopotea inatoka kama eksirei. Wajerumani wanaziita kabisa mionzi ya breki. Fikiria lori linaloshuka Kitonga, breki zinavyotoa joto. Eksirei za breki hazina alama ya kidole, zinakuja za nguvu zote zimechanganyika, na kadiri atomu zinazogongwa zilivyo nzito ndo zinavyozidi. Ndo maana mtu wa maabara anayetumia fosforasi 32 anajikinga kwanza kwa plastiki nene, sio risasi, maana ile beta ikiingia kwenye risasi moja kwa moja inatengeneza eksirei zaidi.

Na la mwisho kwako mwalimu, tunafundisha kwamba nusu maisha haibadiliki kwa chochote. Kwenye kunyakua elektroni kuna mwanya mdogo: berili 7 inabadilika kidogo sana, chini ya asilimia moja au karibu na hapo, kutegemea imeungana na kemikali gani, kwa sababu elektroni zinazonyakuliwa ndo hizohizo zinazoguswa na kemia. Ukiiondolea atomu elektroni zote haina cha kunyakua kabisa.

SWALI: Habari mwandishi, nalima viazi na parachichi Njombe. Kijana wangu kasoma mtandaoni kwamba viazi vina mionzi sababu ya potasiamu, sasa anaogopa na anawaambia wateja. Ni kweli? (Mkulima, Njombe)

JIBU: Ni kweli na hakuna cha kuogopa baba. Potasiamu yote duniani, ya kwenye viazi, ndizi, maharage, parachichi, mbolea ya NPK, ina sehemu ndogo sana ya potasiamu 40. Mtu mzima wa kilo 70 ana potasiamu kama gramu 140 mwilini, na humo atomu zaidi ya 4,000 zinaoza kila sekunde, ndivyo alivyo kila binadamu tangu azaliwe. Ukila viazi vingi mwili unachukua unachohitaji, kingine kinatoka kwenye mkojo, kwa hiyo hairundikani.

Na kwa kuwa tupo kwenye eksirei: kati ya atomu 100 za potasiamu 40, karibu 11 zinaoza kwa ile njia ya kunyakua na zinakuwa gesi ya agoni, zinaacha eksirei kidogo za keV 3 ambazo hazivuki hata milimita moja ya nyama. Agoni ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta, na karibu yote ilitoka kwenye potasiamu kwa njia hiyo. Wanajiolojia wanaitumia kupata umri wa mawe ya volkano, yakiwemo ya Rungwe: lava ikiganda agoni inaanza kujikusanya ndani ya jiwe, unapima agoni, unapima potasiamu, unajua jiwe lina miaka mingapi. Mwambie kijana awaelezee wateja na hilo.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni fundi maabara ya udongo kwenye ujenzi wa barabara hapa Mbeya, natumia kile kifaa cha mionzi cha kupimia mshindilio. Kwenye mafunzo tulionyeshwa grafu ya sisiamu 137, kuna kilele kikubwa cha keV 662, lakini chini huku kulikuwa na vilele viwili vidogo, kimoja 32 na kingine kama 75. Mkufunzi alisema ni kelele za mashine tu. Pia kuna vijana kambini wanasema kifaa kikiisha betri hakina madhara tena, ni kama eksirei ya hospitali umeme ukikatika. Nisaidie. (Fundi, Mbeya)

JIBU: Kaka umefanya vizuri kutokubali neno kelele, hivyo vilele vyote viwili ni eksirei na kila kimoja kina kwao.

Sisiamu 137 ikioza kwa beta inakuwa bariamu, na karibu atomu 95 kati ya 100 zinafika kwenye bariamu yenye nishati ya ziada, ambayo inakaa na ile nishati, nusu yake inaisha kwa dakika mbili na nusu hivi. Nyingi zinatoa ile gama ya 662 unayoijua, kama 85 katika kila atomu 100 za mwanzo. Lakini kama 10 hivi hazitoi gama, zinaimwagia elektroni nishati inafyatuka, ile njia ya pili niliyomwelezea mwalimu hapo juu. Pengo linabaki ganda la K, elektroni ya juu inashuka, inatoka eksirei ya bariamu. Piga ile hesabu, bariamu namba 56, utapata kama 31, kipimo halisi kinasema 32. Kwa hiyo kilele cha 32 ni bariamu inajitambulisha, zinatoka kama 7 kwa kila atomu 100.

Cha 75 hakijatoka kwenye sisiamu kabisa. Hiyo ni risasi. Kifaa kilichochora ile grafu ya mafunzo huwa kinazungushiwa matofali ya risasi kuzuia mionzi ya nje, gama za 662 zinagonga risasi, zinang'oa elektroni za ndani za risasi, mapengo yanazibwa, eksirei za risasi zinarudi kwenye kifaa. Siku mkipata nafasi mafunzoni ondoeni hayo matofali (sio kinga ya kifaa chenu cha barabarani) mrudie kipimo, kilele cha 75 kitapotea au kushuka sana, cha 32 kitabaki palepale. Ukiona hivyo kwa macho yako hutasahau maisha yako yote.

Usishangae pia kwamba kwenye kifaa chenu cha barabarani hizo za 32 hazitoki nje. Chanzo cha mafunzo huwa kidonge cha plastiki, ila cha barabarani kimefungwa kwenye kapsuli ya chuma cha pua, na chuma hata milimita moja tu inameza karibu zote. Hivyohivyo na chanzo cha pili kilichomo humo cha kupimia unyevu, amerisiamu na berili, amerisiamu ikioza inakuwa neptuniamu na eksirei zake ni za keV 14 mpaka 21, zinaishia humohumo ndani. Kinachotoka ni gama na nyutroni, na ndo vinavyofanya kazi.

Sasa hili la betri, na hapa naomba uwasomee hao vijana neno kwa neno. Mashine ya eksirei ya hospitali inatengeneza eksirei kwa umeme, ukizima au TANESCO wakikata, hakuna eksirei, chumba ni salama kama sebule. Chanzo cha sisiamu hakina swichi. Betri ya kifaa chenu inawasha kihesabio na kioo cha kusomea namba, basi. Sisiamu yenyewe inaendelea usiku na mchana, mvua na jua, na nusu maisha yake ni miaka 30, yaani kifaa kilichonunuliwa mtoto akiwa tumboni, mtoto akifika miaka 30 bado kina nusu. Kinachowakinga ni ule mfuniko wa risasi au tangsteni na kuhakikisha fimbo iliyobeba chanzo imerudi juu na kufunga kila mkimaliza kupima. Angalieni kwa macho, msikadirie. Kifungwe stoo yake na kufuli, kisikae chumba wanacholala watu, na umbali ni rafiki yenu, ukisogea mara mbili mionzi inapungua mpaka robo.

Septemba 1987 huko Goiânia, Brazil, kuna mashine ya zamani ya tiba iliachwa kwenye jengo tupu, watu wakaibeba kuuza kama chuma chakavu wakakivunja chanzo cha sisiamu 137. Unga wake ulikuwa unang'aa bluu gizani, watu wakagawana, watoto wakajipaka. Watu 4 walifariki, akiwemo binti wa miaka 6, na watu 249 walikutwa na sisiamu mwilini au kwenye nguo. Ile mashine haikuwa na umeme hata kidogo. Nafikiria wanunuzi wa chuma chakavu wangapi tulionao kuanzia Uyole mpaka Tunduma, na kijana gani wa kambini anaweza kuuza boksi zito la njano akidhani limekufa kwa sababu betri imeisha. Kifaa kibovu au cha zamani kinaripotiwa Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hakitupwi, hakiuzwi, hakifunguliwi.

SWALI: Wanunuzi wa dhahabu huku wana bunduki fulani wanakuelekezea kwenye dhahabu inasoma karati palepale. Ndani kuna atomu zinazooza? Inadhuru mkono? (Mchimbaji, Chunya)

JIBU: Nyingi za siku hizi zina kijimashine kidogo cha eksirei kinachotumia betri, kwa hiyo ukiachia kitufe imezima. Za zamani zilikuwa na kidonge cha kadimiamu 109, ambayo inaoza kwa kunyakua elektroni, inakuwa fedha na kutoa eksirei za fedha za keV 22, nusu maisha siku kama 460, ndo maana zilikuwa zinachoka baada ya miaka michache na kubadilishiwa kidonge. Namna ya kusoma ni ileile: eksirei zinagonga dhahabu yako, mapengo yanatokea, dhahabu inarudisha eksirei zake za keV 9.7 na 11.4, shaba iliyochanganyika inarudisha 8, fedha inarudisha 22, kifaa kinahesabu kipi kingapi. Kinasoma juujuu tu lakini, kwa hiyo kipande kilichopakwa dhahabu kinaweza kukidanganya, dai na kipimo cha uzito kwenye maji. Mkono usiuweke mbele ya mdomo wa bunduki na usishike kipande kwa vidole wakati kinapimwa, kiwekwe mezani.

Na kifaa cha namna hii kipo mpaka sayari ya Mars. Gari la Curiosity lililotua huko Agosti 2012 limebeba kuriamu 244, inayotoa alfa na eksirei kwa kuoza kwake, inaelekezwa kwenye jiwe na jiwe linajibu limetengenezwa na nini.

SWALI: Kamwene mwandishi. Binti yangu wa miaka 16 ana uvimbe wa tezi shingoni, tumepewa rufaa Dar es Salaam akapigwe picha kwa kudungwa dawa ya mionzi. Nimeambiwa akishadungwa yeye mwenyewe ndo anakuwa anatoa mionzi kama mashine. Nyumbani nina mtoto mchanga wa miezi minne. Niwatenge? Kwa muda gani? Nimekosa usingizi. (Mama, Kihesa, Iringa)

JIBU: Kamwene mama, pole sana, na usingizi urudi. Nyanda za juu kusini tumesumbuliwa na tezi miaka mingi kwa upungufu wa madini joto kwenye udongo wetu, na picha ya namna hii ni ya kawaida sana kwa daktari anayetaka kujua tezi inafanyaje kazi, kwa hiyo binti yako hajapelekwa kwenye kitu cha ajabu.

Ulichoambiwa kina ukweli. Kwenye eksirei ya kawaida mashine inatoa na mwili unapokea, hapa mwili unatoa na mashine inapokea. Dawa inayotumika zaidi kwa picha ya tezi ni teknishiamu 99m. Inatoa gama ya keV 140 inayopita mwilini kwa urahisi mpaka kwenye kamera, na kwa zile njia tulizoziongelea leo inatoa pia eksirei chache, kama 7 kwa kila atomu 100, za keV 18 mpaka 21, nyingi zinaishia kwenye mwili wake mwenyewe, kamera wala haizitumii. Kwa hiyo ya kuangalia ni ile gama, na nusu maisha yake ni saa 6 tu.

Ulizeni hospitali watamtumia dawa gani, muiandike kwenye karatasi, maana wakati mwingine kwa tezi inatumika iodini 131, hiyo nusu maisha yake ni siku 8 na masharti yake ni makali zaidi, hapo fuateni hospitali watakavyosema siku kwa siku. Na iodini 125 mkiisikia maabara msichanganye, ile inatumika zaidi kupimia damu kwenye vichupa, nusu maisha siku 59, inaoza kwa kunyakua halafu inafyatua elektroni nyingine juu yake, mapengo mawili kwa mpigo, atomu 100 zinatoa eksirei kama 140. Hiyo hapati binti yako kwa ajili ya picha.

Kama ni teknishiamu, waambieni mapema kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga, na kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito kwa yeyote anayedungwa wasifiche, daktari lazima ajue kabla. Siku hiyo anywe maji mengi, aende chooni mara kwa mara na anawe mikono vizuri kila akitoka, maana dawa nyingine inatoka kwenye mkojo. Mtoto mchanga asipakatwe naye siku hiyo, na kwa kuwa mchanga yuko Iringa na dada yake yuko Dar, hilo limeshajitatua.

Fanya hesabu na mimi. Tuseme amedungwa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni imebaki nusu. Saa nne usiku robo. Analala huko, alfajiri saa kumi imebaki moja ya nane. Saa kumi na mbili asubuhi mnapanda basi, na mkifika maeneo ya Morogoro saa nne hivi imebaki moja ya kumi na sita. Mkishuka stendi Iringa saa kumi jioni ni moja ya thelathini na mbili, hiyo ni bila kuhesabu iliyotoka kwenye mkojo. Usiku wa siku hiyo ni chini ya moja ya sitini. Mpe mdogo wake ambebe.